Makofi Ambayo Sikuyajibu

Skola, mama yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Mollo kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua, hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Mama yako yuko nyuma ya nyumba anafunga samaki wakavu, migebuka, kwenye magazeti, na kila nikipita ananiuliza kama blanketi moja litatosha. Nimemwambia Dodoma si Sumbawanga, lakini ameshaweka la pili. Habari za mablanketi, dawa na watu wa kuwaogopa ndani ya basi ni zake, amezikusanya tangu siku ulipopata kazi. Mimi sina maagizo. Nina jibu lako la Jumapili, lile nililoshindwa kulitoa mezani.

Unakumbuka. Tulikuwa tunakula ugali wa ulezi na maharage, redio ikasema kuna bibi kizee ameuawa na majirani zake, kisa radi, eti yeye ndiye aliyeituma. Ukaweka tonge chini. Ukasema, "Hawa, Baba, dawa yao ni kamba tu. Wangenyongwa wawili watatu, wengine wangeshika adabu." Mdogo wako Beno akasema mheshimiwa wakili wa serikali keshaanza kazi kabla hata hajapanda basi, tukacheka. Kisha ukanigeukia. "Baba, wewe umekaa mahakamani maisha yako yote. Nimekosea?" Nami nikaomba chumvi.

Maharage yalikuwa na chumvi ya kutosha. Mama yako aliniangalia, akanisogezea kopo.

Sikukasirika, Skola. Ulipokuwa unasema vile nilijisikia mimi mwenyewe nikisema. Pua yangu umeichukua, na hasira zangu umezichukua pia, zile za kupanda upesi kwa sababu ya mtu mwingine aliyeonewa. Nakupenda kwa hasira hizo. Asiyekasirika bibi kizee akiuawa sitaki awe wakili wa mtu yeyote. Ninachotaka kukuambia ni mahali hasira hizo ziliponifikisha mimi, ili ukifika njia panda ujue upande mmoja baba yako alishapita na akaona kuna nini.

Nianze na habari ya muwa, maana hiyo unaijua. Ulikuwa hujaanza shule. Ilikuwa siku ya mnada, mama yako amekukabidhi kwangu, mimi nikauachia mkono wako kidogo nipatane bei ya jembe. Kuangalia chini, hupo. Nilizunguka mnada mzima nikiita jina lako mpaka sauti ikakauka, na moyoni nilishaapa kwamba aliyekuchukua nitamuua. Mara nikasikia watu wanapiga kelele, "Huyo hapo, mwizi wa watoto." Wamemzunguka mtu, na mtu huyo amekubeba. Nilifika nikampiga kabla sijauliza chochote. Damu ikamtoka puani. Kuna mtu pembeni yangu alishaokota jiwe.

Ndipo wewe, bado umebebwa, mashavu yamejaa, ukasema, "Baba usimpige, amenipa muwa."

Alikuwa muuza miwa wa kutoka Laela. Alikukuta unalia, akakumenyea muwa unyamaze, akaiacha biashara yake chini ili akupeleke polisi. Alikushusha, akajifuta pua na mkono wa shati, akaniambia, "Mshike mwanao, ndugu yangu. Mtoto haachiwi mkono mnadani." Akarudi kwenye miwa yake.

Nyumbani tunaisimulia hiyo kama hadithi ya kuchekesha, na Beno anaweza kuiigiza yote pamoja na mashavu yako. Kuna kipande huwa nakiruka. Mwenye jiwe namfahamu. Ni mtu mwema, mwanakwaya, amekuja hapa kwetu kula Krismasi. Na mimi nilikuwa mtu mwema. Sijawahi kuwa na hakika ya jambo lolote duniani kama nilivyokuwa na hakika ya mtu yule.

Utaniambia mahakama si mnada. Ni kweli. Mahakamani watu hawapigi kelele, kuna mashahidi, mawakili, kuna rufaa. Lakini pia ndani yake mna watu, na mmoja wao nilikuwa mimi, mkalimani wa Kifipa. Unajua nilivyokuwa nikisifiwa kwa kufupisha. Wazee wetu wakiulizwa jambo wanaanzia kwa babu, na hakimu ana kesi nyingine zinamngoja, basi mimi nachuja. Siku moja mtu ameshtakiwa kwa wizi wa mbuzi. Anaeleza, anaeleza, anazunguka, na mimi nina njaa. Katika kuzunguka kwake alisema mwenye mbuzi alikuwepo, tena ndiye aliyemsaidia kumfungua. Nikalichuja hilo. Akafungwa.

Nimefika nyumbani, nimenawa mikono, ndipo sentensi ile ikanirudia. Sikula. Asubuhi nilikwenda kwa hakimu nikasema kosa ni langu. Alinifokea nikaona dunia ndogo, lakini jambo likapelekwa juu, mwenye mbuzi akaitwa, mtu yule akatoka. Alinikuta sokoni baadaye. Akaniambia, "Mkalimani, siku nyingine kula kwanza." Tulikunywa pamoja siku ile, na mimi ndiye niliyelipa. Huwa nafikiri, ingekuwa ni kesi ya kamba, ile sentensi ningempelekea nani? Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini hayo ya kumwonea asiye na kosa umeyasoma chuoni, tena kwa maneno mazuri kuliko yangu. Nikikomea hapo utanijibu, na nakujua: "Sawa Baba, na yule ambaye kweli ameua?" Ndiyo maana nataka nikuambie habari za Mzee Leonsi. Yeye aliua kweli.

Alikuwa mkulima wa vijiji vya kuelekea Kate. Mjukuu wake alipigwa na radi akiwa na mbuzi malishoni. Mzee akaenda kwa mganga, mganga akamtajia jirani yake, Mzee Gaudensi, ambaye walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Asubuhi akamvizia njiani, akampiga jembe la kichwa. Kisha akaenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji, akaliweka lile jembe mlangoni, akasema, "Nimemuua. Sasa wajukuu waliobaki watalala." Hakuikana kesi hata siku moja. Kwa hiyo niambie, wakili wangu, kamba ingemtishaje mtu huyo? Aliamini anauliwa watoto mmoja mmoja. Mtu wa namna hiyo hapigi hesabu ya sheria. Anaona anazima moto nyumbani kwake.

Mahakama Kuu ilipokuja hapa mjini kusikiliza kesi za mauaji, niliitwa mimi, kwa sababu mzee hakujua Kiswahili cha kutosha. Sasa kuna jambo la kazi yangu ambalo watu hawalifikirii. Mkalimani hasemi "jaji anasema hivi." Jaji akisema "mimi," naye anasema "mimi." Jaji alisoma kwa Kiingereza chake, polepole, mtu mpole yule. Na mimi nikamtazama mzee wa rika la babu yako, mtu ambaye nikikutana naye njiani nachuchumaa na kumpigia makofi ndipo nifungue mdomo, nikamwambia nikiwa nimesimama wima, kwa lugha aliyoninyonyeshea mama yangu: nakuhukumu kunyongwa mpaka ufe.

Ni mdomo huu huu, Skola. Ndio uliokuimbia ulale.

Mzee akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akatafuta nafasi ya kuchuchumaa, na kile kizimba ni chembamba, akakunja magoti kadiri ilivyowezekana. Akakutanisha viganja, akanipigia makofi. Taratibu, yale ya kina, ya kupokea maneno. Huko kwao, mtu akikuletea neno kutoka kwa wakubwa unalipokea hivyo, liwe la harusi au la msiba. Vijana wa mjini waliokaa nyuma wakacheka. Jaji akainua kichwa. "Anasemaje?"

Nikasema, "Anashukuru, Mheshimiwa."

Nilifupisha tena. Ningeweza kusema: anapokea neno lako kama mtu anayemheshimu mleta neno, hata akiletewa kifo. Ningeweza kusema: Mheshimiwa, huyu unayemwona si jembe, ni mtu aliyefunzwa adabu na mama yake, na adabu hiyo bado anayo. Isingebadilisha hukumu, najua. Adhabu ya kosa hilo ni moja na jaji hakuwa na nyingine ya kuchagua. Lakini watu waliokuwa mle ndani wangejua tunamuua nani. Walitoka wakidhani wamemwona mzee mwendawazimu anayeshangilia kamba.

Na kuna jambo moja zaidi. Anayepigiwa makofi hayo naye hujibu kwa makofi, ndipo neno linafungwa na watu wanaachana. Mimi nilikuwa nimefunga mikono nyuma, kama tulivyofundishwa kusimama mbele ya jaji. Mzee alingoja. Alinitazama mikononi. Kisha askari wakamshika bega wakamteremsha.

Nje, kwenye baraza, nilimkuta mjane wa Gaudensi, Bibi Febronia, amekaa peke yake. Nilidhani nitamkuta ameridhika, au analia. Akaniuliza kwa Kifipa, "Sasa wewe unayesema na wakubwa, kaniulizie. Huyu wakimuua, nani atanibomolea ntumba zangu?"

Umekulia mjini lakini ntumba unazijua, umezichezea kwa bibi yako: yale matuta ya mviringo, majani yanafukiwa chini mvua zikielekea kuisha, yanaoza, na msimu unaofuata yanabomolewa na kutawanywa ndipo ulezi upandwe. Gaudensi alizifukia zote kabla hajauawa. Zilikuwa zimejaa shamba zima zikingoja mtu, na mwenye nguvu alikuwa kaburini, na mwingine mwenye nguvu tunampeleka kaburini. Nilimwambia bibi mahakama imeshafungwa. Akasema, "Basi. Hakuna aliyeniuliza," akajifunga kitenge vizuri akaondoka. Na kweli, katika kesi nzima aliulizwa alichokiona. Anachokitaka hakuulizwa.

Mvua za kwanza zilipoanza nilipita njia ya kijijini kwao kwa shughuli za msiba mwingine. Nikawaona vijana wamo kwenye shamba lake wanabomoa ntumba. Walikuwa watoto wa Leonsi, wamekuja bila kutumwa na mtu. Bibi Febronia alitoka na kibuyu cha pombe ya ulezi, akakiweka mpakani mwa shamba, akarudi ndani. Hakuwapa mkononi. Deusi, mkubwa wao, aliniambia baadaye kwamba walirudi msimu uliofuata, akakiweka tena pale pale. Msimu wa tatu akawapa mkononi. Sisemi alisamehe, sijui, na wala si kazi yangu kumsemea. Nasema kilichomsaidia alikipata kwa watu walio hai.

Na radi je? Mwaka ule ule ambao sisi tulimhukumu Leonsi, ng'ambo ya kilima mtu mwingine aliuawa kwa kisa hicho hicho. Habari za kamba zilikuwa zimeshawafikia, walizijadili kilabuni. Hazikuwazuia. Kilichokuja kusaidia kijijini kwa akina Leonsi ni mwalimu mkuu mmoja msumbufu aliyechangisha wazazi mpaka shule ikafungiwa waya wa shaba toka juu ya paa hadi ardhini. Akawaita wazee wakaushike kwa mikono yao, akawaeleza radi inatafuta nini. Radi ilipiga pale tena, ikashuka kwenye waya, watoto wakatoka wakienda mbio, wazima. Jioni hiyo hakuna aliyekwenda kwa mganga kuuliza jina la jirani. Ningekuwa na uwezo ningefunga waya kila paa la Ufipa, na ile kamba ningeipeleka ikafungie mbuzi.

Sasa nakuja kwako, maana nasikia mama yako anasema jua linazama na wewe hujarudi.

Siku moja utasimama na joho lako jipya. Jaji atauuliza upande wa mashtaka kama una la kusema, nawe utasema adhabu ni ile iliyotajwa na sheria. Sikuambii uikatae kazi. Tumekusomesha kwa mahindi na kwa magoti ya mama yako, na nitatamba mtaani mpaka watu wanichoke. Na yule bibi wa kwenye redio ana watoto wake, nao wanahitaji mtu wa kuwasimamia. Uwe wewe. Waulize wanataka nini, kisha uwasikilize mpaka mwisho hata kama una njaa. Ila siku watakapowauliza ninyi wenye sheria kama adhabu hii ibaki ama iondoke, natamani uwe na jambo la kusema mbali na lile la Jumapili.

Mzee Leonsi yuko hai. Yuko gereza la huko huko unakokwenda, bado chini ya hukumu ile niliyoitamka. Watu husema si kitu, mbona siku hizi hawanyongi. Deusi huenda kumwona akipata nauli. Anasema mpaka leo, mlango wowote ukilia asubuhi, baba yake huacha uji na kungoja ajue wamemfuata nani. Sasa ni mzee kabisa, macho yanamwishia. Nimesema kila mwaka nitakwenda, na kila mwaka nimepata sababu. Ukweli ni kwamba naogopa kumsikia akiitambua sauti yangu.

Nakuomba uende wewe. Uende kabla hujakabidhiwa jalada lako la kwanza la mauaji, siku ya watu wote kuwaona wafungwa wao, pamoja na Deusi; nimeshazungumza naye, namba yake anayo mama yako. Usiende kama wakili. Nenda kama mjukuu. Ukiona huwezi, sitakuuliza kwa nini, na tutaendelea kupendana hivi hivi. Lakini ukienda, usikimbilie kukaa. Chuchumaa, mpigie makofi kama bibi yako alivyokufundisha, viganja vikiwa na shimo katikati. Mwambie wewe ni mtoto wa mkalimani. Mwambie watoto wake bado wanamlimia Bibi Febronia, apende kusikia asipende.

Kisha atakupigia na yeye, namjua. Hapo usifunge mikono nyuma kama baba yako.

Mjibu, mama yangu.

Ni mimi baba yako, ambaye kesho stendi nitakuwa nimesimama mbali kidogo nikijifanya naangalia matairi ya basi.